Kabla ya kumleta Maltese nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu ambaye ameshaona picha, ameshauliza bei, na moyo umeshaingia. Sifa za mbwa wa aina ya Maltese hutahitaji kuzitafuta, kila muuzaji atakupa bila kuombwa: mpole, mzuri, analala mapajani. Hapa tumeweka yale ambayo muuzaji hana haraka ya kuyasema. Sisi tunaishi na mbwa hawa na tunawapenda, ndiyo maana tunataka anayemchukua ajue anachukua nini. Mengi yaliyomo yanawahusu pia mbwa wengine wadogo kama Shih Tzu, Pomeranian na Chihuahua. Pale wanapotofautiana tumesema.

Maltese ni mbwa wa namna gani hasa?

Ni mbwa mweupe wa kilo tatu hadi nne, mwenye manyoya marefu na asili ya nchi za katikati ya bahari ya Mediterania. Shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, FCI, linamweka katika kundi la 9, yaani mbwa wa kukaa na watu, chini ya ulezi wa Italia, yaani Italia ndiyo inayosimamia viwango vya aina hii. Akitunzwa vizuri huishi miaka 12 hadi 15.

Mbwa wengine walichaguliwa kizazi baada ya kizazi ili wachunge, wawinde au walinde. Huyu kazi yake kubwa imekuwa kukaa karibu na binadamu. Karibu kila shida utakayoisoma hapa inatokana na mambo mawili: udogo wa mwili wake, na kwamba hakuumbiwa kukaa peke yake.

Si mbwa mdogo ana kazi ndogo? Ndiyo sababu nimemchagua.

Anakula kidogo na anachukua nafasi ndogo, hilo ni kweli. Lakini mwangalie mbwa wa kienyeji aliye uani kwa jirani. Mvua ikimnyeshea anajikung'uta na jua linamkausha. Haja anaipeleka kichakani. Kucha zinasuguliwa na changarawe, manyoya hayahitaji mtu, na mgeni akimtisha anasogea pembeni. Kwa Maltese, kila moja ya kazi hizo inahamia kwako. Wewe ndiye wa kumkausha, kumchana, kumkata kucha, kumfuta macho, kumpiga mswaki, kumpeleka haja, kumshusha ngazi na kumkinga na miguu ya watu. Na ni kila siku, hata siku unayoumwa.

Manyoya yanahitaji nini hasa?

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo tukae kidogo.

Manyoya ya Maltese hayafiki urefu fulani yakakoma. Yanaendelea kukua kama nywele za mtu, na hayana lile tabaka la ndani la manyoya mafupi mazito ambalo mbwa wengi wanalo. Ni laini mno na yanasokotana upesi. Ukitaka awe na yale manyoya ya kufika chini uliyoyaona kwenye picha, ni kumchana kila siku hadi kwenye ngozi, si kupitisha brashi juu juu. Mafundo huanzia nyuma ya masikio, kwapani, chini ya kola na katikati ya mapaja. Fundo likiachwa linavuta ngozi kila anapopiga hatua, linashika unyevu, na ukija kulikata unakuta ngozi imechubuka na inanuka. Tumeshaona mbwa anayesifiwa kwa upole kumbe amenyamaza kwa maumivu.

Kumwosha kuna utaratibu wake: unachana kwanza, ndipo maji. Ukiyatia maji mafundo yakiwa yamo, yanakaza zaidi. Baada ya kuoga lazima akauke kabisa, kwa taulo na kwa mashine ya kukaushia nywele iliyowekwa joto la chini. Umeme ukikatika na baridi ya Nairobi ya Julai ikiwa imetanda, mpango huo unakuwa mgumu.

Familia nyingi huamua kumnyoa afupike, na ni uamuzi mzuri. Hata hivyo kunyoa kwenyewe hurudi kila baada ya wiki nne hadi sita. Ukiwa Nairobi au Dar es Salaam utampata mtu wa kumnyoa kwa malipo. Ukitoka kwenye miji mikubwa huenda ukalazimika kununua mashine na mkasi na kujifunza mwenyewe, kwa mbwa asiyetulia, karibu na macho yake. Asinyolewe hadi kwenye ngozi, kwa sababu chini ya weupe huo ngozi yake ni ya waridi na jua letu huichoma.

Halafu kuna rangi nyekundu chini ya macho. Machozi na mate ya mbwa yana kemikali iitwayo porfirini, ambayo hugeuka rangi ya kutu juu ya manyoya meupe. Kufuta kwa kitambaa safi chenye maji ya uvuguvugu, mara moja au mbili kwa siku, husaidia. Unga wa kuondoa madoa unaouzwa mitandaoni uuogope: mwaka 2014 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliwaonya watengenezaji ambao bidhaa zao za madoa ya macho zilikuwa na antibayotiki bila idhini. Machozi yakizidi ghafla, au jicho moja likilia kuliko lingine, huyo ni wa daktari wa mifugo.

Nimeambiwa hapukutishi manyoya, kwa hiyo hata mwenye mzio anaweza kuishi naye. Kweli?

Kupukutisha anapukutisha kidogo sana. Lakini kinacholeta mzio si unywele wenyewe. Ni protini zilizo kwenye mate, mkojo na vumbi la ngozi yake, na Maltese anavyo vyote vitatu. Tena huyu atakaa kwenye kochi na kitandani, si uani. Kama mtoto wako ana pumu, mpelekeni akakae na mbwa wa aina hiyo kwa saa kadhaa, zaidi ya mara moja, kabla hamjalipa chochote.

Tunatoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na kurudi usiku. Ataweza?

Kwa maoni yetu, hapana.

Tunajua jibu hili halipendwi, maana ndivyo watu wengi wa mjini wanavyoishi: alfajiri uko kwenye foleni ya Rongai au ya Mbagala, jioni foleni tena. Maltese akiachwa saa kumi na mbili kila siku huanza kulia, kubweka bila kukoma, kukojoa ovyo, kutafuna mlango, au kujilamba miguu mpaka itoke vidonda. Si ukaidi. Ni hofu ya kuachwa, na kumchapa huizidisha. Anaweza kufundishwa kukaa peke yake kidogo kidogo, dakika chache leo, nusu saa wiki ijayo, na mbwa mzima aliyezoea huvumilia saa nne au tano. Mtoto wa mbwa wa miezi mitatu hawezi, na hapaswi hata kujaribiwa.

Kununua wa pili ili wa kwanza apate mwenzake mara nyingi hukuletea mbwa wawili wanaolia pamoja.

Kwa nini kila mtu anasema ni wagumu kufundishwa kwenda haja?

Kwa sababu kibofu ni kidogo, na kwa sababu sisi wenyewe tunawalegezea. Mbwa mkubwa akikojoa sebuleni nyumba nzima inasimama. Huyu akikojoa kijiko kimoja nyuma ya kochi, mnafuta na kusahau, naye anajifunza kwamba nyuma ya kochi ndipo choo kilipo.

Kadirio la kawaida ni kwamba mtoto wa mbwa anaweza kujizuia saa moja kwa kila mwezi wa umri wake. Wa miezi miwili, basi, ni kila baada ya saa mbili, pamoja na kila anapoamka, anapomaliza kula na anapomaliza kucheza. Kama unakaa ghorofa ya tano na lifti haifanyi kazi, hesabu ngazi hizo kwa miezi kadhaa. Wengine hutumia magazeti au vitambaa vya kufyonza mkojo kwenye roshani, na inawezekana kabisa, ila harufu inataka usafi wa kila siku na majirani wa chini wana pua. Msimu wa masika utakuta wengi wao wanakataa kukanyaga majani mabichi. Mwavuli utaushika wewe.

Nakaa flati ya kupanga. Si ndiyo mbwa anayefaa?

Kwa ukubwa, ndiyo. Kwa sauti, inategemea majirani. Maltese anabwekea kengele, mlinzi akigonga, bodaboda anayeleta chakula, nyayo kwenye ngazi, na mbwa mwenzake aliye mtaa wa pili. Sauti yake ni nyembamba na inapenya ukuta. Kufundishika anafundishika, ukianza mapema na ukawa na subira, lakini mbwa asiyebweka kabisa hutampata.

Soma mkataba wako wa nyumba kabla ya kitu kingine chochote. Mikataba mingi inakataza wanyama, na "keyateka hana shida" si ruhusa. Ipate kutoka kwa mwenye nyumba, kwa maandishi. Tunajua familia zilizolazimika kuchagua kati ya mbwa na nyumba ndani ya wiki mbili, na katika shauri kama hilo mbwa ndiye anayetoka.

Mchana atabaki na dada wa kazi. Hilo halitoshi?

Je, umemuuliza?

Tunauliza kwa dhati, kwa sababu katika nyumba nyingi mbwa huyu ni wa mama au wa watoto kwa jina, lakini anayefuta mkojo, anayechana, anayepika maini na anayeumwa kidole ni dada. Kazi hiyo haikuwa kwenye makubaliano alipokuja. Huenda anaogopa mbwa tangu utotoni, kwao mbwa hakuingia ndani kamwe. Huenda dini yake inamzuia kuguswa na mate ya mbwa. Kaa naye chini kabla mbwa hajafika, mwambie kazi zenyewe moja moja, msikilize, na kama anakubali mwongezee mshahara. Akikataa, heshimu, na urudi kwenye swali la saa kumi na mbili.

Kuna jambo la usalama pia. Asiyeonyeshwa namna ya kumbeba atambeba kwa miguu ya mbele, na bega la mbwa linaweza kuumia.

Nina mtoto wa miaka mitatu. Wataelewana?

Hatari kubwa haiko kwa mtoto, iko kwa mbwa. Mifupa ya miguu ya mbele ya mbwa hawa ni myembamba sana, na kuruka tu kutoka kochini au kuponyoka mikononi mwa mtoto kunaweza kuivunja. Kwa mbwa wadogo mvunjiko wa pale chini karibu na kiganja hupona polepole, kwa sababu damu inayofika hapo ni kidogo, na mara nyingi ni lazima afanyiwe upasuaji wa kuwekewa chuma. Mtoto wa miaka mitatu hana nia mbaya. Anakumbatia kwa nguvu, anavuta mkia, anaangukia juu. Mbwa aliyeumizwa atauma, na baada ya hapo wote wawili wataogopana.

Watoto wakifika umri wa kuelewa "kaa chini ndipo umshike", hali inabadilika kabisa. Sisi tungesubiri mpaka darasa la kwanza au la pili.

Magonjwa gani hasa tutegemee?

Si kila Maltese atayapata yote, lakini haya ndiyo ambayo madaktari wa wanyama hukutana nayo mara kwa mara kwa mbwa hawa.

Meno ndilo la kwanza na ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Mbwa mzima ana meno 42, awe wa kilo 40 au wa kilo tatu, na kwenye taya dogo namna hii yanabanana. Chakula kinakwama, ukoga unakuwa jiwe, fizi zinarudi nyuma, na harufu mbaya unayoizoea ni maambukizi. Mara nyingi meno ya utotoni nayo hukataa kutoka, ukaona meno mawili mahali pa moja. Dawa yake ni mswaki kila siku, kwa dawa ya meno ya mbwa na si yetu, na mara kwa mara kusafishwa na daktari akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Wengi hupoteza meno kabla ya uzee.

Magoti yanafuata. Pia ya goti huteleza nje ya mfereji wake, na utamwona akikimbia ghafla anakunja mguu mmoja wa nyuma, anaruka hatua mbili tatu, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kitu. Watu wanacheka wakidhani ni madaha. Daktari huipima kwa daraja la kwanza hadi la nne. La chini huangaliwa tu na mbwa asinenepe, la juu huhitaji upasuaji ambao si kila kliniki inaufanya.

Bomba la hewa kooni hulegea kwa mbwa wadogo wengi, hasa Pomeranian na Chihuahua. Dalili ni kikohozi kikavu kinachofanana na mlio wa bata, akivutwa kamba au akifurahi sana. Kwa sababu hiyo kamba isifungwe shingoni kamwe, tumia mkanda wa kifuani.

Ini linahitaji maelezo. Baadhi ya Maltese huzaliwa na mshipa unaopitisha damu pembeni ya ini badala ya ndani yake, kwa hiyo sumu za mwili hazichujwi. Mtoto wa mbwa huyo hakui vizuri, anaduwaa baada ya kula, anazungukazunguka, hata kupata degedege. Kipimo cha damu cha asidi za nyongo (bile) kabla na baada ya chakula husaidia kuugundua. Muulize muuzaji kama wazazi walipimwa. Jibu lake, au kimya chake, litakufundisha mengi.

Uzeeni moyo hudhoofu, vali ya upande wa kushoto ikianza kuvuja, naye hukohoa usiku. Na mbwa wadogo weupe wana ugonjwa wao wa kutetemeka mwili mzima, ambao huanza wakiwa vijana na kwa kawaida hutulizwa kwa dawa aina ya steroidi. Unatisha, lakini unatibika.

Kwa watoto wa mbwa wa umri wa wiki chache, jambo la kuogopa ni sukari kushuka. Mwili huo hauna akiba. Akikosa mlo mmoja, akipigwa na baridi au akiharisha, anaweza kulegea na kupoteza fahamu. Mpake asali kidogo kwenye fizi na ukimbie kwa daktari, usisubiri kuona kama ataamka.

Na kupe? Fundi wa mifugo amesema nimwogeshe kwa dawa ya ng'ombe.

Usifanye hivyo, tafadhali. Dawa ya josho imekusudiwa mnyama wa mamia ya kilo. Kosa la mililita chache ambalo ng'ombe hatalihisi linaweza kumwua mbwa wa kilo tatu, tena mbwa hujilamba. Akianza kutoa udenda, kuyumba, kutetemeka au mwili kuwa baridi baada ya kuogeshwa, ni sumu. Ivermektini ya sindano ya mifugo nayo ni hivyo hivyo. Na vidonge vyako vya maumivu, paracetamol au ibuprofen, visimguse.

Kupe wa kahawia wa mbwa anaishi na kuzaliana ndani ya nyumba, kwenye nyufa za ukuta na nyuma ya mapazia, kwa hiyo kutotoka nje si kinga. Anaeneza ehrlichia, kijidudu kinachosababisha ugonjwa wa damu unaoleta homa, fizi kupauka, kukonda na kutokwa damu puani. Kwenye manyoya marefu kupe haonekani mpaka umpapase kwa vidole: ndani ya masikio, katikati ya vidole, chini ya mkia. Tumia dawa ya mbwa iliyopimwa kwa uzito wake, na mpime uzito kila unapoinunua.

Hatoki nje kabisa. Chanjo ya kichaa cha mbwa ya nini?

Kwa sababu mlango hufunguliwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Dalili zikishaanza, hakuna tiba. Mbwa wako wa sebuleni ndiye anayelamba uso wa mtoto. Mchanje kichaa cha mbwa kama sheria ya mahali ulipo inavyotaka, pamoja na parvo na distempa, magonjwa mengine mawili hatari ya mbwa, na kadi ikae mahali inapoonekana. Mtu akiumwa na mbwa yeyote, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo.

Sisi ni Waislamu. Watoto wanamlilia. Tufanyeje?

Hili si la kujibiwa na ukurasa wa mbwa, ila msilipuuze wala msiliahirishe mpaka mbwa awe ameshaingia. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi pwani yetu, mbwa ni najisi nzito, na kilichoguswa na unyevu wake huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Madhehebu ya Maliki wanaona tofauti kuhusu utohara wake. Hadithi pia zinaruhusu mbwa wa kuwinda, kuchunga na kulinda shamba, na zinatahadharisha kuhusu wa kufuga bila haja hizo. Muulizeni sheikh wenu mnayemwamini, na fikirini pia kuhusu bibi atakayekuja kukaa nanyi Ramadhani na mahali atakaposwalia. Tumeona mbwa akizungushwa kati ya jikoni na roshani maisha yake yote kwa sababu nyumba haikukubaliana. Hayo si maisha ya mnyama aliyeumbiwa kukaa na watu.

Nipo Mombasa. Joto atalistahimili?

Kuliko Pomeranian mwenye manyoya mazito ya tabaka mbili, ndiyo. Kuliko Shih Tzu, Pug au Pekingese wenye pua fupi wasioweza kupoza mwili vizuri kwa kuhema, ndiyo pia. Bado asitembezwe kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, na lami iguse kwa kiganja chako kwanza. Ndani ya gari lililosimama asiachwe hata dakika chache.

Kuna mtu anauza wa "kikombe cha chai", wa kilo moja na nusu akikua. Ni aina gani hiyo?

Si aina. Vyama vya mbwa havitambui daraja la namna hiyo. Ni jina la kuuzia. Anayeitwa hivyo ni mtoto aliyezaliwa dhaifu kuliko wenzake, au wa wazazi waliochaguliwa kwa udogo kupita kiasi, au aliyetolewa kwa mama kabla ya wakati ili aonekane mdogo. Kila tatizo lililotajwa hapo juu, mifupa, sukari, ini, meno, kwake huongezeka, na bei ni kubwa zaidi. Usinunue. Kila anayenunua anaagiza mwingine azalishwe.

Nitamjuaje muuzaji mwaminifu?

Atakuonyesha mama wa watoto, nyumbani, si picha wala sehemu ya kuegesha magari. Hatakupa mtoto chini ya wiki nane, na wazalishaji makini wa mbwa wadogo husubiri hata wiki 12. Atakuuliza maswali mengi kuliko unayomuuliza wewe. Akisema mbwa ana vyeti, nchini Kenya unaweza kuthibitisha na East Africa Kennel Club. Mtoto wa mbwa mweupe mwenye manyoya ya kufura anaweza kuwa chotara, na chotara si kosa, kosa ni kutozwa bei ya asiye chotara.

Atalinda nyumba?

Atakuamsha. Mwizi hatamzuia, na mwenyewe ni mwepisi kubebwa.

Gharama ni kiasi gani?

Bei ya kumnunua ndiyo ndogo. Hatuweki takwimu hapa kwa sababu zinapanda, ila fanya hivi leo: mpigie daktari wa mifugo aliye karibu nawe umuulize bei ya chanjo za mwaka, ya kuhasi, na ya kusafisha meno kwa dawa ya usingizi. Kisha muulize kinyozi wa mbwa bei ya kunyoa na uzidishe kwa mara 10 kwa mwaka. Chakula kikavu cha mbwa wadogo kwa kiasi kikubwa huagizwa nje, kwa hiyo dola ikipanda nacho kinapanda. Unaweza kumpikia wali, nyama na mboga, lakini si mabaki ya sufuria yenye kitunguu na mafuta: kitunguu huharibu damu yake na mafuta mengi huleta ugonjwa wa kongosho. Zabibu na chokoleti ni marufuku, mifupa ya kuku iliyopikwa pia. Na akiongezeka nusu kilo tu, magoti yanaijua.

Desemba tunakwenda kijijini. Tumbebe?

Inategemea kijiji. Penye mbung'o, mbwa anaweza kuugua nagana na kufa. Penye mbwa wakubwa wanaozurura, kung'atwa mara moja kunamtosha. Kumwacha kunahitaji mtu anayemjua, si mlinzi anayemtupia ugali getini. Tafuteni mtu huyo mwezi wa tisa.

Kuhama nchi ni safari nyingine kabisa. Kuingia Umoja wa Ulaya kutoka Kenya au Tanzania anahitaji chipu, chanjo ya kichaa cha mbwa, kipimo cha damu angalau siku 30 baada ya chanjo hiyo, kisha miezi mitatu ya kusubiri tangu damu ilipochukuliwa. Marekani, tangu Agosti 2024, haipokei mbwa aliye chini ya miezi sita, na wanaotoka kwenye nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa, zikiwemo zetu, wana masharti zaidi. Anayetarajia viza mwaka huu asichukue mbwa mwaka huu.

Kama Maltese hanifai, nani ananifaa?

Mbwa wa kienyeji aliyekomaa, wa ukubwa wa kati, mwenye manyoya mafupi. Wamezoea hali ya hewa yetu, ni werevu, na kwenye makazi ya wanyama kama ya KSPCA, shirika la kulinda wanyama la Kenya, mjini Nairobi wapo wengi wanaongoja. Ukichukua mkubwa unaiona tabia yake kabla hujamchukua. Na kama saa zako za kazi ndizo kikwazo, paka anavumilia upweke kuliko mbwa yeyote.

Nimeshamchukua na mambo yamenishinda.

Usimpeleke kijijini "akakae na wengine" na usimwache sokoni. Mbwa huyu hajui kutafuta chakula wala kukimbia. Zungumza kwanza na daktari wako, kwa sababu kukojoa ovyo na ukali wa ghafla mara nyingi ni ugonjwa wenye dawa. Kama bado haiwezekani, mrudishie aliyekuuzia ikiwa ni mtu mwadilifu, au wasiliana na shirika la wanyama lililo karibu nawe. Anayempokea bila malipo awe ni mtu uliyemtembelea kwake, kwa sababu wapo wanaochukua jike ili kuzalisha tu. Kama hajahasiwa, mhasi kabla hujamtoa. Mwandikie mpokeaji kila kitu: kadi ya chanjo, chakula anachokula, dawa anazotumia, anachokiogopa, na kama amewahi kuuma mtu, nani na kwa sababu gani.